Siku Jiko la Garantii Lilipowakimbilia Wakwe

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikimwachia mke wangu huitia chumvi, na kila akiisimulia nyusi zangu huungua zaidi. Mara ya mwisho alipowasimulia wageni wake ukumbini, nami nimo chumbani nasikia kila neno, nilikuwa nshaungua mpaka ndevu. Si kweli. Ziliungua nyusi tu, na moja ilibakia nusu. Lakini mengine yote atakayokwambieni yaaminini: nilimwaga samaki mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu, nikalifukuza jiko mteremkoni huku nimepandisha kanzu mpaka magotini, na siku chache kabla ya hapo nilikuwa nshamtukana mtu ambaye hakustahiki hata kupandishiwa sauti. Na yote hayo kwa sababu niliona jiko letu la zamani lina sura mbaya.

Hilo jiko la zamani aliliacha ami yangu Suleiman. Alilileta kutoka Maskati katikati ya miaka ya themanini, jiko la gesi la kuchomea nyama na samaki, na wakati huo Unguja nzima majiko ya namna ile hayakuzidi matatu (au ndivyo ami alivyotwambia, na ami alikuwa mtu wa kupenda sifa, ugonjwa ambao sote tumeurithi). Lilikuwa jeusi, chuma cha kumimina kutoka juu mpaka chini, hamlinyanyui ila muwe wawili na mmoja wenu aseme bismillahi kwa sauti. Ami alipofariki likaja kwangu pamoja na cheo chake, yaani kila Idi ukoo mzima unapokwenda shamba Kidichi, kwenye kile kipande tulichobakiwa nacho, mimi Said ndiye mchomaji. Nimechoma miaka na miaka, changu, kuku, mishkaki, na jiko halijanisumbua ila mara moja tu, valvu yake ya kufungia gesi ilipoanza kuvuja. Nikakitafuta kijitabu chake, nikaiona anwani ya kiwandani, nikawaandikia barua (nilikuwa karani bandarini, barua ndiyo kazi yangu), na wallahi wiki sita baadaye kikaja kisanduku kwa posta, ndani mna valvu mbili, moja ya kutia na moja ya akiba, na barua ya kuniomba radhi kwa usumbufu. Kuniomba radhi, mimi! Barua ile nilitembea nayo mfukoni mwezi mzima, nikiwasomea watu barazani pale Malindi mpaka wakaanza kuondoka wakiniona nnakuja.

Basi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, binti yetu mkubwa, Nasra, ambaye ni mwalimu, akapata mchumba, mwalimu mwenzake, jina lake Haji, mtu wa Makunduchi, kule kusini. Nikauliza shuleni kwao, nikauliza msikitini, kila mtu akamsifu. Wazee wake wakatuma salamu kwamba wangependa kuja rasmi na posa yao, na mimi nikajibu kwa haraka kuliko ilivyotakiwa: "Waje Kidichi, siku ya Jumapili, tule chakula cha mchana pamoja. Nitachoma mwenyewe."

Nitasema kweli, kwa sababu nimeshafika umri wa kusema kweli. Sikuwa nataka kuwakirimu tu. Nilitaka watu wale wa kusini waone kwamba kijana wao anaoa kwa watu. Ukoo wetu zamani ulikuwa na mashamba na maduka, siku hizi tuna vipensheni na picha za babu ukutani, lakini ule ubwana umo ndani unakataa kutoka. Na nilipolitazama lile jiko la ami, limejaa masizi, mguu mmoja una kutu, nikaona haya. Ndipo nilipokuwa nnapita Mlandege nikaliona jiko jipya kwenye kioo cha duka. Jamani! Linang'ara kama gari ya bibi harusi. Lina kifuniko cha duara chenye saa ya kupimia joto, lina meza mbili za pembeni, lina magurudumu, na juu yake limebandikwa karatasi nyekundu imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la jiko lenyewe: GARANTII MIAKA KUMI.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Zuwena.

"Baba Nasra," akasema, "hili letu lina nini? Si linawaka? Si linachoma?"

"Lina kutu."

"Na wewe una mvi. Nimekupeleka wapi?"

Wiki ile ile shemegi yangu alikuwa anahamia Pemba, nikamwambia chukua jiko, zawadi, na Jumatatu likapanda meli. Jumanne nikalileta jipya. Muuzaji aliyenihudumia siku hiyo alikuwa mwenye duka mwenyewe, mtu wa maneno matamu, akanikabidhi kadi ya garantii kwa mikono miwili kama ananikabidhi hati ya nyumba.

Kwanza nikagundua kwamba siku hizi hawakuuzii jiko, wanakuuzia sanduku la skrubu. Nilikaa uwani na bisibisi tangu alasiri mpaka magharibi, sikutaka mtu anisaidie, nikafuata michoro ambayo nadhani aliyeichora hajawahi kuliona jiko lile, na nilipomaliza jiko likasimama, likang'ara, na zikabaki skrubu saba. Nikajiambia za akiba hizo, kama zile valvu. Lakini nilipoligonga kwa kidole lilitoa mlio wa mkebe wa biskuti. Nikabonyeza pembeni kwa dole gumba, bati likaingia ndani, nilipoondoa dole gumba halikurudi. Nikalibonyeza kutokea upande wa pili. Likarudi kupita kiasi. Halafu nikaishika nobu, kile kifundo cha kuzungushia gesi, nikaizungusha mara moja tu, ikapasuka mkononi mwangu kama kashata.

Jiko halijawashwa hata mara moja, nanyi mnielewe.

Asubuhi yake, Jumatano, nikaenda dukani na nobu yangu kwenye leso. Mwenyewe hayupo. Yuko mtu mwengine, mwembamba, mwenye miwani na masharubu yaliyokatwa vizuri, wa miaka thelathini na tano hivi, akanipa shikamoo yake, akanipa kiti, akaipokea kadi ya garantii na kuanza kuisoma. Akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma, ambako kuna herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Nikaona anavua miwani anaifuta.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "hii garantii haihusu nobu."

"Inahusu nini?"

"Hapa inasema haihusu nobu, vishikio, wavu, rangi, wala sehemu yoyote inayoguswa na moto."

"Jiko, ndugu yangu! Jiko zima linaguswa na moto!"

"Naam. Na pia inasema garantii inaondoka jiko likitumiwa karibu na bahari."

"Hiki ni kisiwa!"

Dukani kulikuwa na wateja watano au sita, wakaanza kucheka, na mimi nikadhani wananicheka mimi (walikuwa wananicheka mimi). Akaendelea kwa ule ule upole, kwamba nikitaka kudai lazima jiko lirudi kwenye sanduku lake la asili, lipelekwe kwa wakala Dubai kwa gharama yangu, na jibu huchukua kiasi cha miezi minne. Damu ikanipanda. Nikakumbuka zile valvu mbili, ile barua ya radhi, nikafungua mdomo, na yaliyotoka sikuyapanga. Nikamwita tapeli. Nikamwita mwizi mwenye miwani. Nikasema kama wazazi wake wangemlea sawasawa asingefanya kazi ya kuibia watu wazima, na nikauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, ni shamba gani hilo analotoka ambako watu hawafundishwi haya.

Yule mtu hakunijibu vibaya. Akaikunja kadi, akanirudishia, akasema: "Mimi ni mwajiriwa tu, mzee. Lakini nakuomba kitu kimoja. Miguu ya majiko haya haikazi vizuri, na wawili washarudi hapa wanalalamika. Liweke mahali palipo sawa, na usilizidishie moto."

"Usinifunze kuchoma!" nikasema, nikatoka.

Nyumbani nikaigandisha nobu kwa gundi. Zuwena akauliza walisemaje dukani, nikamwambia wamesema jiko zuri.

Jumapili ikafika, siku nzuri, jua la kiasi, shamba linanukia mdalasini. Nyumba yetu ya Kidichi iko juu ya kilima kidogo, mbele kuna ua wa mchanga, halafu ardhi inateremka mpaka kwenye migomba. Tulitandika mikeka kivulini mwa mshelisheli, chini kidogo ya ua, kwa ajili ya wanaume, na wanawake wakae barazani. Jiko nikaliweka juu kabisa, katikati, ukingoni mwa mteremko, ili kila mtu alione, nikalifunika shuka jeupe (msinicheke bado). Zuwena na Nasra walikuwa washatia viungo beseni mbili za samaki, changu na tasi, ndimu, thomu, tangawizi, pilipili, harufu peke yake inatosha kushibisha.

Wageni wakaja na gari mbili. Akashuka baba yake Haji, Mzee Ameir, mkulima, mtu mrefu mkimya mwenye mikono mikubwa. Akashuka mkewe, Bi Mwanahawa, mfupi, mchangamfu, mlimaji wa mwani, amebeba kapu la ndizi na mihogo. Akashuka Haji mwenyewe na suti inayombana. Salamu, kukumbatiana, karibuni, starehe, starehe. Halafu Mzee Ameir akageuka kwenye gari ya pili, akasema: "Na huyu ni mwanangu mkubwa, Khatibu, kaka yake bwana harusi. Ndiye msemaji wetu leo. Yeye yuko hapa hapa mjini, anafanya kazi duka la vyombo."

Akatoka mtu mwembamba. Mwenye miwani. Masharubu yamekatwa vizuri.

Unguja yetu hii ndogo, nilikuwa nalijua hilo tangu nizaliwe, lakini siku ile niliiona imekuwa ndogo kama sahani. Yule mtu akanijia, akainama, akanishika mkono, akasema "Shikamoo, mzee," bila kupepesa jicho, kama ananiona mara ya kwanza duniani. Nikaitika marahaba kwa sauti ya paka aliyebanwa na mlango.

Mtu mwenye akili angemvuta pembeni pale pale akamwomba radhi. Mimi nikaona niwashe jiko. Nikadhani likiwaka vizuri, samaki wakiwa watamu, mambo yatajifuta yenyewe. Nikavuta shuka kwa mbwembwe. Wageni wakasema "Mashaallah!" Mimi nikasema, na hata sijui kwa nini nilisema, kwa sababu aliyekuwa akisikiliza ni yule yule aliyenisomea kadi: "Hili lina garantii ya miaka kumi." Khatibu akatazama chini, akakohoa kidogo.

Nikabonyeza kibiriti chake cha ndani. Tak. Tak. Tak tak tak. Hakuna kitu, na kumbe huku gesi inatoka, inajikusanya chini ya kifuniko inanisubiri. Zuwena akanipa kibiriti cha njiti, nikawasha, likasema *WUUF*, na nyusi zangu mnajua zilikokwenda.

"Umeungua?" Zuwena akauliza.

"Ndivyo linavyowashwa," nikamwambia.

Nikapanga samaki. Moto ukawa mkubwa, nikataka kuupunguza, nikashika nobu, ikabaki mkononi mwangu na gundi yake. Moto juu kabisa, hauna pa kuzimia. Mafuta yakaanza kudondoka, ndimi zikapanda, nikataka kulifunika jiko, kishikio cha plastiki kimelainika kama halua, nikakishika kwa kofia yangu. Ile saa ya joto ikadondoka, kioo kikavunjika kikaingia katikati ya samaki, na mshale wake hata haukuwa umesogea, kwa maelezo ya ile saa jiko lilikuwa baridi. Kule kwenye mkeka Mzee Ameir ameshika tasbihi, sijui alikuwa anasali kwa kawaida au kwa ajili yetu.

Halafu nikasikia *krrr*. Nikatazama chini. Mguu mmoja, upande wa mteremko, unapinda. Haukuvunjika, afadhali ungevunjika, ulipinda taratibu kwa heshima, jiko likaanza kupiga magoti kama ngamia, likaegemea magurudumu yake, na magurudumu (kitu pekee kilichotengenezwa vizuri kwenye jiko zima, wallahi) yakaanza kuzunguka.

Likaondoka.

Nikalikimbilia. Nimepandisha kanzu, kofia mkononi inafuka moshi, nyuso za watu zinapita, jiko mbele linateremka kuelekea kwenye mkeka wa wakwe, kifuniko kinafunguka na kufungika kama mdomo, na kila likiruka kijiwe linatema samaki mmoja. Mpira wa gesi umejinyoosha, mtungi unaburuzwa nyuma, unagonga mchanga. Nikasikia mtu anapiga kelele "Mtungi! Mtungi!" na kabla sijajua, Khatibu amenipita kwa kasi na miwani yake, amejitupa juu ya mtungi kama mlinda mlango wa uwanja wa mpira wa Amani, na mkono wake umeshaikamata valvu, ameifunga. Kwa mkono wa pili akaukamata mpira, ukachomoka. Moto ukazimika. Jiko lenyewe likapita katikati ya Mzee Ameir na Haji, waliojirusha mmoja huku mmoja kule, likakata mkeka, likaendelea mpaka chini, likaingia kwenye migomba, na tukasikia mlio wake wa mwisho, ule ule wa mkebe wa biskuti.

Kuku wa jirani wakatokea, na paka wawili, wakaanza kuokota chakula cha posa.

Nilisimama katikati ya mteremko. Kila mtu ananitazama. Nilitaka kusema kitu kikubwa, kitu cha kiume, cha kuokoa jina la ukoo, na kilichotoka, kwa sauti yangu yote, ni hiki:

"Lina garantii!"

Khatibu alikuwa bado amelala juu ya mtungi, mchanga kwenye masharubu. Akainua kichwa. "Garantii haihusu mteremko, mzee," akasema.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeanza. Alitoa kicheko kimoja kama kilio, akakaa chini barazani pale pale alipokuwa amesimama, akamshika Zuwena mguu, na Zuwena naye akalegea, halafu Nasra, halafu Haji na suti yake iliyochanika bega, na kila wakikaribia kunyamaza mtu mmoja anasema "mteremko" wanaanza upya. Mzee Ameir alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, machozi yanamtoka. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa namtazama Khatibu anajipangusa mchanga, na nikaona mkononi ameungua, pale aliposhika mpira.

Basi nikasema. Sikujipanga. Nikawaambia wakwe wote, mbele ya mke wangu na binti yangu, kwamba Jumatano nilikwenda dukani kwa mtu huyu, akanipokea kwa heshima, akanambia ukweli, akanionya jambo hili hili la miguu, na mimi nikamwita mwizi. Nikasema na lile la wazazi wake. Lilikuwa gumu kulitamka mbele ya wazazi wenyewe, lakini nililitamka lote. Nikasema: "Nilitakiwa leo niombwe, na naona mimi ndiye wa kuomba. Nisameheni."

Kicheko kikakatika. Nikamwona Nasra ameshika upindo wa kanga yake kwa mikono miwili, uso umemwiva, na nikafahamu kwamba nilichokuwa nacheza nacho hakikuwa sifa yangu, kilikuwa maisha yake.

Mzee Ameir akamgeukia mwanawe. "Khatibu, kweli haya?"

"Kweli, baba," Khatibu akasema. "Lakini na yeye alisema kweli. Jiko ni bovu. Mimi mwenyewe nilimwambia mwenye duka tusiyalete."

"Mbona hukutwambia tulipofika kama unamjua baba wa binti?"

"Nilikuja kumposea ndugu yangu, sikuja kushitaki."

Mzee Ameir akanitazama, akalitazama lile jiko kule kwenye migomba, akanitazama tena. "Mwaka wa ndoa yangu," akasema, "nilimwagia baba mkwe uji wa moto. Alikaa chumbani siku tatu. Hii naona ni nafuu." Akanipa ule mkono wake mkubwa.

Bi Mwanahawa alikuwa ameshainuka. "Jamani, kuombana radhi kuzuri, lakini mimi nina njaa," akasema. "Ile beseni ya pili ya samaki iko wapi? Na haya makumbi ya nazi mnayoyaacha yakaoza pale, nani mwenyewe?"

Dakika kumi, si zaidi. Akapanga mawe matatu makubwa, akajaza makumbi na vifuu vya nazi, akakata vijiti vya mti mbichi akawapanga samaki juu, na akanikabidhi kipepeo. "Wewe, Bwana Said, pepea. Umeshazoea moshi." Nikapepea, kanzu yangu nyeupe ikawa ya rangi ya chai, yeye akigeuza samaki kwa vidole vyake na kunifunza kwa Kimakunduchi cha haraka nisichokielewa nusu, na nilichokielewa kilikuwa ni kunicheka. Nikala samaki siku ile, mimi mchomaji wa ukoo, mchomaji mrithi, na nikakiri moyoni kwamba sijawahi kula changu kama yule. Zuwena akampaka Khatibu asali mkononi pale alipoungua, akamlisha kuliko wengine wote. Na posa ikasemwa baada ya alasiri, na Khatibu ndiye aliyeisema, kwa maneno mazuri sana, na mimi nikajibu ndiyo kabla hajamaliza, ikabidi arudie.

Jumatatu yake tulikaa mimi na yeye tukaandika barua kwa wakala, mimi natunga, yeye ananiambia vifungu vya kadi. Tulimweleza kila kitu, hata mteremko. Miezi minne barabara (harusi imeshapita, Nasra na Haji washahamia nyumba yao Amani) kikaja kisanduku kidogo. Hamna barua. Ndani mna nobu moja, nyekundu, ya jiko la namna nyengine kabisa. Nilicheka peke yangu ukumbini mpaka Zuwena akaja kuangalia nimepatwa na nini.

Mwenye duka yeye alifunga duka kabla mwaka haujaisha, akaenda kuuza mapazia, na Khatibu akafungua kikarakana chake cha kutengeneza majiko ya watu, nami nilimwandikia kibao chake cha mlangoni bure, kwa hati yangu ya karani.

Nimeapa mambo mawili tangu siku ile, na yote mawili nayashika. Sitompandishia tena sauti mtu aliyekaa nyuma ya meza ya duka kwa kosa la mtu aliye mbali asiyenijua mimi wala yeye, hata awe ananisomea herufi ndogo namna gani. Na sinunui tena kitu kwa kung'ara kwake. Mkinikuta sokoni Darajani siku yoyote mtaniona nanyanyua masufuria, nayagonga kwa kidole, nakaza vishikio vya mabirika, nageuza viti juu chini nahesabu misumari, na wenye maduka wananitazama kwa wasiwasi. Na mkitazama hatua kumi mbele yangu, mtamwona mwanamke wa makamo anatembea kwa haraka, buibui lake limenyooka, anatazama upande wa pili kabisa. Huyo ni mke wangu. Ukimwuliza, atakwambia hanijui.